WEKUNDU SIYO SUMU! Kuhusu gua sha, vikombe na tuina mnavyouziwa huku mitandaoni

SEHEMU YA 1: Neno lenyewe

Nimetoka shifti, nimekula, nimekaa. Leo nitawaudhi baadhi yenu, basi nianze na neno lenyewe ili anayetaka kukasirika akasirike mapema.

Ule wekundu unaotokea mgongoni mtu akikukwangua kwa kibao, au akikuwekea vikombe, SIYO SUMU. Siyo takataka za mwili. Siyo "asidi". Siyo "mafuta mabaya" wala "damu iliyokufa". Ni damu yako mwenyewe, nzima kabisa, iliyovuja kutoka kwenye vimishipa vidogo na kukaa chini ya ngozi. Ungegonga goti kwenye kona ya kitanda ungepata kitu kilekile. Kwetu tunaita vilio la damu, na hakuna anayelipia kugonga goti.

Wiki hii nimetumiwa klipu tatu na watu tofauti. Zote zinafanana: mgongo unakwanguliwa, unakuwa mwekundu kama nyanya, sauti nyuma inasema "mnaona sumu inavyotoka?" Halafu chini kuna namba ya simu na pakeji ya siku saba mfululizo. Watu wananiuliza, sista, tukafanye?

Sasa msije mkaniwekea maneno mdomoni. Mimi sipingi kukandwa. Nabeba wagonjwa, nainama juu ya vitanda saa nane kwa siku, mgongo wangu naujua. Ninachopinga ni uongo uliobandikwa juu ya kitu ambacho peke yake kingejitetea vizuri tu. Nitaandika kwa sehemu, someni zote kabla ya kunishambulia.

SEHEMU YA 2: Hivi vitu ni nini hasa

Wengi wanasema "masaji ya Kichina" kama vile ni kitu kimoja. Hapana. Kuna vitu vitatu vinavyochanganywa.

Cha kwanza ni tuina. Jina lenyewe ni la kazi: "tui" ni kusukuma, "na" ni kushika na kunyanyua. Ni mikono mitupu. Zamani waliita anmo, yaani kubonyeza na kusugua, na imetajwa kwenye maandiko yao ya tiba ya kale zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Enzi za ufalme wa Tang, kuanzia mwaka 618, ofisi ya tiba ya mfalme ilikuwa na idara yake ya ukandaji, na watu wakifundishwa na kupewa vyeo. Mwaka 1956 mjini Shanghai kukaanzishwa mafunzo rasmi. Leo mtu anasoma chuo kikuu miaka mitano, pamoja na anatomia ileile tunayosoma sisi.

Mbinu zake zina majina na kanuni. Kuna ya kubiringisha, unatumia upande wa nje wa mgongo wa mkono, kifundo kinalegea na mkono unabiringika juu ya msuli mara 120 hadi 160 kwa dakika. Hebu jaribu dakika mbili tu kwenye meza, utaona. Wanafunzi wao wanajifunzia kwenye mfuko wa mchanga kwa miezi kabla ya kumgusa binadamu. Kuna ya kusukuma kwa kidole gumba kimoja, ya kukanda kwa kiganja, ya kushika msuli na kuunyanyua, na ya kuukwanyua msuli uliokaza kama unavyokwanyua uzi wa gitaa.

Cha pili ni gua sha. "Gua" ni kukwangua, "sha" ni ule wekundu wenye vidoti unaobaki. Kifaa ni kibao cha pembe ya nyati, au jiwe la jade, na majumbani kwao wanatumia hata sarafu au kijiko cha supu cha kaure. Unapaka mafuta kwanza, ndipo unakwangua kwenda upande mmoja.

Cha tatu ni vikombe, wao wanaita ba guan. Pamba yenye spiriti inawashwa, inaingizwa ndani ya kikombe cha kioo na kutolewa, kikombe kinabandikwa haraka. Hewa iliyopata moto inapoa, inasinyaa, ngozi inavutwa juu. Hakuna muujiza, ni fizikia ya sekondari. Dunia nzima iliviona mwaka 2016, kwenye Olimpiki ya Rio, kwenye mabega ya muogeleaji Michael Phelps.

Na sisi tusijifanye wageni hapa. Bibi zetu walijua kuumika. Chuku ilikuwa pembe, na Wachina nao walianza na pembe. Tabibu wao Ge Hong aliandika habari za pembe hizo miaka 1,600 na zaidi iliyopita. Mzazi kwetu anakandwa kwa maji ya moto. Kwa hiyo mkono juu ya mwili siyo uchina wala uswahili, ni ubinadamu. Lakini kumbukeni pia, kwa Kiswahili chetu "kupiga chuku" kuna maana nyingine: kutia chumvi kwenye habari. Hiyo ya pili ndiyo inayoendelea mitandaoni.

SEHEMU YA 3: Mbona basi wengine wanakuwa wekundu sana na wengine kidogo?

Hili ndilo swali la wauzaji. "Kama siyo sumu, mbona mwenye afya hatoki wekundu mwingi?"

Jibu: inategemea amekukandamiza kiasi gani, amekwangua mara ngapi sehemu ileile, ngozi yako ni laini kiasi gani, umri wako, dawa unazotumia. Mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda atakuwa mwekundu mpaka mweusi. Je, yeye ndiye mwenye sumu kuliko wote? Mwenye upungufu wa chembe sahani pia atavilia vibaya. Huyo siyo mchafu, huyo ni mgonjwa anayehitaji maabara.

"Mbona rangi inabadilika, inakuwa kijani halafu njano, ndiyo sumu inaisha?" Hapana dada. Mwili unavunjavunja ile damu iliyovuja. Rangi ya damu inageuzwa kuwa kijani, kisha njano, kisha inabebwa kwenda kwenye ini. Kwa hiyo tazama mambo yalivyogeuka: hukutoa kitu mwilini, umeliongezea ini kazi ya kufagia.

"Mbona ile damu ya kwenye kikombe, wakichanja, inatoka mabonge meusi kama maini?" Kwa sababu damu ikikaa nje ya mshipa dakika kadhaa inaganda! Hiyo ndiyo kazi yake. Nikichukua damu ya mtoto mzima wa afya nikaiacha kwenye kichupa kisicho na dawa, itakuwa bonge vilevile. Damu isiyoganda ndiyo ya kuogopa.

Sumu za mwili zinatolewa na ini na figo. Saa 24, bila pakeji. Figo zikishindwa kazi, mtu anaenda kusafishwa damu kwa mashine. Nionyesheni mgonjwa mmoja wa figo aliyeacha mashine kwa sababu ya kibao cha jade, nitafuta maandishi haya yote.

SEHEMU YA 4: "Tunakata utando ulioshikana"

Huu ni uongo wa wenye elimu kidogo, ndiyo maana unauma zaidi.

Ukienda buchani ukakatiwa nyama, ule utando mweupe unaong'aa unaofunika mnofu ndio huo wanaouzungumzia. Upo mwili mzima, unafunika misuli, unaiunganisha, na una neva nyingi. Sasa mtu anakwambia utando wako umeshikana, umeota vinundu, naye anauvunja kwa kibao au kiwiko.

Rudi buchani. Jaribu kuuvuta ule utando kwa vidole uupasue. Mgumu, sivyo? Mwaka 2008 kuna watafiti waliopiga hesabu ya nguvu inayohitajika kuubana utando mzito wa paja na wa unyayo kwa asilimia moja tu. Wakakuta ni nguvu kubwa kupita ile inayotumika kwenye tiba ya mikono. Asilimia moja. Kwa hiyo huyo jamaa anayesema "nimekata, umesikia ulivyolia?" hajakata kitu. Angekata, ungekuwa theatre.

Sasa kwa nini unajisikia vizuri ukitoka pale? Hapa ndipo penye utamu, na hakuna anayewaeleza. Msuli uliokaza umekaza kwa sababu neva zinauambia ukaze. Mkono wenye joto, mgandamizo wa polepole, unatuma taarifa nyingine kwenye neva, uti wa mgongo na ubongo vinapunguza sauti ya maumivu, msuli unapewa ruhusa kulegea. Umelala nusu saa, umepumua, mtu amekusikiliza. Damu imepita vizuri kwenye ngozi. Hiyo siyo hadithi. Utafiti mdogo wa mwaka 2007 kwa watu 11 wenye afya ulipima, ukakuta mzunguko wa damu kwenye ngozi iliyokwanguliwa umeongezeka mara nne kwa dakika saba na nusu za kwanza.

Na inasaidia? Ujerumani mwaka 2011 walichukua watu 48 wenye maumivu sugu ya shingo. Nusu wakafanyiwa gua sha mara moja, nusu wakapewa mfuko wa joto. Baada ya wiki moja wa gua sha walikuwa na nafuu zaidi. Vizuri! Lakini soma vizuri: wiki moja, watu 48, maumivu ya shingo. Siyo kisukari, siyo presha, siyo uvimbe kwenye kizazi, siyo nguvu za kiume. Ukweli wa gua sha ni mdogo na mzuri. Wauzaji hawautaki kwa sababu ukweli mdogo hauuzi pakeji kubwa.

SEHEMU YA 5: Kwa nini nakasirika

Kuna atakayesema, "Sista, hata kama siyo sumu, mtu akifurahi kuna ubaya gani?"

Ubaya upo. Nimewahi kumhudumia mama mmoja. Sitaji mahali wala kituo. Mgongo ulimuuma miezi. Akaenda kwa hao wa vikombe na kibao, akauziwa pakeji. Akaanza kupata homa za jioni na kutoka jasho usiku. Akawaambia. Wakamjibu, "Hiyo ni sumu inatoka, usikate dozi." Akapungua uzito. Wakamsifia, eti mafuta mabaya yanaisha! Alipoletwa kwetu alikuwa amebebwa, miguu haina nguvu, mkojo haujui unatoka saa ngapi. Picha ikaonyesha pingili mbili za uti wa mgongo zimeliwa. TB ya mifupa.

Mnaelewa? TB ya uti wa mgongo inatibika. Dawa zipo, na kwenye vituo vya serikali ni bure. Kila wiki aliyolala kifudifudi akikwanguliwa ilikuwa wiki ya miguu yake. Kibao hakikumlemaza. Neno "sumu" ndilo lililomchelewesha, kwa sababu likishakubalika kila dalili mbaya inageuka habari njema. Homa, sumu inatoka. Umekonda, sumu imetoka. Umezidiwa, sumu ilikuwa nyingi. Hakuna namna ya mgonjwa kusema "nazidi kuumwa" akasikilizwa.

Na jambo la kuudhi zaidi: hili Wachina wenyewe hawalikubali. Kwenye hospitali zao tuina ni idara kama idara nyingine. Vitabu vyao vya tuina vina ukurasa wa marufuku: mfupa uliovunjika, kansa, TB ya mifupa, maambukizi, ugonjwa wa damu kutoganda, ngozi yenye kidonda au iliyoungua, na tumbo na kiuno cha mjamzito. Kwenye gua sha wanafundisha kwamba usirudie sehemu ileile mpaka wekundu wa kwanza uishe, na hiyo ni siku kadhaa mpaka wiki. Sasa hiyo pakeji ya siku saba mfululizo mmeitoa China ipi?

Madaktari wa Kichina tunao kwetu siku nyingi. Zanzibar tangu 1964, bara tangu 1968. Wanaokuja ni wapasuaji, wa macho, wa wanawake, wa usingizi, na mtu wa sindano za acupuncture humo humo. China inapotuma msaada haitumi vibao peke yake. Msitumie jina la watu kufunika uvivu wenu.

SEHEMU YA 6: Wenzangu wa hospitali, msicheke

Najua mmefurahi mpaka hapa. Sasa zamu yenu.

Hivi kwa nini watu wanaenda kule? Fundi cherehani anakuja OPD, mgongo unauma mwaka mzima. Foleni ya asubuhi mpaka mchana. Anaingia, hajakaa vizuri, karatasi imeshaandikwa: sindano ya diklofenaki, vidonge, nenda. Hakuna aliyemwambia ainuke, ainame, aonyeshe panapouma. Hakuna aliyemgusa. Mwezi ujao anarudi, diklofenaki nyingine. Ana presha, figo zinachoka, tumbo linaungua, mgongo uko palepale. Kule kwenye vikombe analazwa, anaulizwa anafanya kazi gani, anashikwa nusu saa. Ningekuwa yeye ningeenda wapi?

Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini. Desemba 2023 likatoa mwongozo wa maumivu sugu ya mgongo. Limetaja elimu kwa mgonjwa, mazoezi, dawa za aina hiyo ya diklofenaki kwa tahadhari, na ndiyo, tiba ya mikono ikiwemo masaji. Lenyewe linakiri ushahidi wa masaji siyo mzito. Lakini limeiweka. Mikanda ya kufunga kiuno limeikataa kama tiba ya kawaida. Sasa nani anawapa wagonjwa wetu mikanda, na nani anawafundisha mazoezi?

Mkiacha nafasi tupu, mwenye kibao ataijaza. Mgonjwa akisema "nilifanyiwa vikombe", usimkejeli. Ukimkejeli leo, kesho hatakwambia. Muulize lini, wapi, walichanja kwa wembe gani, na unapunguziwa maumivu kwa siku ngapi. Mpeleke fizio. Mfundishe hata mazoezi matatu kwenye karatasi. Haitachukua zaidi ya dakika tano.

SEHEMU YA 7: Ukiamua kwenda, nenda hivi

Sikukatazi. Mgongo ni wako na pesa ni yako. Lakini shika haya.

USIENDE kabisa, njoo hospitali kwanza, kama maumivu ya mgongo yameambatana na: homa au jasho la usiku, kupungua uzito bila sababu, maumivu yanayokuamsha usiku na hayatulii hata ukilala, ajali au kuanguka, uliwahi kuwa na kansa, mguu kukosa nguvu, ganzi sehemu unayokalia, kushindwa kuzuia au kutoa mkojo au choo. Hizo mbili za mwisho usisubiri kesho, njoo leo leo.

MWAMBIE KABLA hajakugusa kama una kisukari, una mimba, una selimundu, unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mwenye kisukari mwenye ganzi hatasikia kikombe kinavyomuunguza, na kidonda chake tutakiuguza sisi miezi.

ULIZA cheti. Tiba asili na tiba mbadala zina sheria Tanzania tangu mwaka 2002, na kuna Baraza linalosajili. Aliyesajiliwa haoni aibu kukuonyesha. Anayekasirika ukiuliza amekujibu tayari.

TAZAMA vifaa. Kibao kinaweza kutoa damu kidogo usiyoiona. Kirusi cha homa ya ini B kinaishi nje ya mwili siku saba na zaidi. Kufuta kwa kitambaa siyo kusafisha. Kama wanachanja, wembe ufunguliwe mbele yako, utupwe mbele yako.

SHINGO yako mtu asiikatishe. Ule mzunguko wa ghafla wa "kaa!" unaweza kuchana mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo ukapata kiharusi. Hutokea mara chache, lakini anayepata ndiye anayejua. Kukandwa taratibu, sawa. Kukatishwa, kataa.

PIMA faida. Mara tatu, nne, kama hujaona tofauti kazini kwako na usingizini kwako, acha. Na ukitoka pale usirudi kukaa kwenye stuli ileile saa kumi bila kunyanyuka. Mkono unakufungulia mlango, mazoezi na kubadili mkao ndiyo yanayokuingiza ndani.

Na nyinyi mnaofanya kazi hii kwa haki, maana najua mpo, mnaouliza maswali na kumrudisha mgonjwa hospitali mkiona dalili mbaya: nawaheshimu. Hawa wa sumu wanawaharibia jina kabla hawajaniudhi mimi. Futeni lile neno kwenye mabango yenu. Andikeni "tunapunguza maumivu ya misuli". Inatosha. Ni kweli, na mteja atakuja.

Anayebisha aje na hoja, komenti ziko wazi. Matusi nitafuta. Anayeuza pakeji humu ndani namtoa bila salamu. Na wewe mwenye mzazi au jirani anayelalamika mgongo na homa za jioni, usimtumie klipu. Mshike mkono, mlete apimwe makohozi na apigwe picha. Kesho asubuhi tupo.